Daktari Aliyejibu Mhola

Madaktari wanne nimewapokea na kuwaaga hapa kwenye kituo chetu cha afya, mbele ya Magu, mimi nesi Paskazia. Watatu wa kwanza walipoondoka sikupoteza usingizi. Huyu wa nne, Alexander wa Kiseke kule mjini, nilitaka abaki, na nasema wazi kwamba bado inaniuma.

Mara ya kwanza alikuja akiwa mwanafunzi, yeye na wenzake watano, kwa mafunzo ya wiki sita. Siku ya kuondoka walijaza fomu: je, uko tayari kufanya kazi kijijini? Niliyezikusanya ni mimi, na sitajifanya kwamba sikuchungulia. Watano waliweka masharti, umeme, nyumba, mtandao. Alexander peke yake aliweka alama kwenye "niko tayari kabisa". Wenzake walimtania mpaka gari likaondoka. Miaka miwili baadaye akarudi na begi lake, daktari kamili.

Wiki ya kwanza alivurunda. Bibi Ng'washi aliingia ameshika kiuno.

"Shikamoo bibi. Habari yako?"

"Marahaba. Mhola duhu."

Kwa Kisukuma, mhola duhu ni salama tu. Daktari akaandika kwenye daftari la wagonjwa: hana malalamiko. Kesho yake bibi akarudi, salama tu. Siku ya tatu alipokuja tena, nikamvuta daktari pembeni.

"Dokta, hapa hata aliyefiwa anajibu mhola. Hiyo ni adabu tu. Kaa chini, umuulize tena."

Akakaa, akauliza tena. Bibi akatoa maumivu ya miezi minne, moja baada ya jingine, mpaka mengine akayaonea aibu. Tangu siku hiyo Alexander hakumwacha mtu aishie kwenye mhola ya kwanza. Watu walimpenda, na mimi nilitembea kifua mbele kwa kuwa nilimfundisha.

Tulimheshimu mno, nadhani. Hakuna aliyemkaribisha ugali wa muhogo, tukisema mtoto wa mjini ataula wapi. Alipika dagaa wake mwenyewe na kula amesimama mlangoni. Jioni alipanda jiwe lililo nyuma ya kituo, maana simu hushika hapo tu, akapigia marafiki zake wa Buswelu na Kiseke. Mwanzoni nilimsikia akicheka kule juu. Baadaye alikuwa akipanda, anakaa, anashuka, na simu iko mfukoni.

Jumapili zake za kupumzika alikuja kituoni na koti jeupe, akafagia baraza, akakaa kwenye benchi na wagonjwa. Tukasema, huyu kijana anapenda kazi jamani! Kumbe alikuwa anafuata watu.

Kila asubuhi nilipita mlangoni kwake na ndoo yangu ya maji.

"Shikamoo dada."

"Marahaba dokta. Mhola?"

"Mhola duhu."

Nilicheka kila mara, nikifurahi jinsi Kisukuma kilivyomkaa mdomoni. Nikaendelea na njia yangu, sakafu ilikuwa inanisubiri.

Mwezi wa tisa nilikuta mlango umefungwa na ufunguo uko juu ya meza yangu. Uhamisho alikuwa ameuomba muda mrefu, hakumwambia mtu. Nilimkasirikia, sikufichi. Nilimwita mwongo wa fomu mbele ya wagonjwa. Kisha nikafungua daftari nimwite wa kwanza, nikakuta mstari wa mwisho wa jana yake, kwa mwandiko wake.

Jina: Alexander. Umri: miaka ishirini na saba. Anatoka: nyumba ya daktari. Malalamiko: mhola duhu.

Niliketi. Bibi Ng'washi, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliniuliza habari yangu. Nikamjibu mhola. Akasogea kwenye benchi, akaniuliza tena.