Mama Alivyoipungia Ndege

Kabla hujaondoka kwenda masomoni, mwanangu, nikusimulie siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote. Kaka yangu Novati alirudi kijijini kwetu Kagoma kwa likizo, miaka ile ya ujamaa, akamkuta Mama katikati ya shamba la kijiji ameinua mkono, anaipungia ndege iliyokuwa inaelekea Bukoba. Wanawake wenzake walicheka kidogo, wakaendelea kulima. Walishazoea. Tangu Novati aende ng'ambo kusomea ndege, Mama hakuacha hata moja ipite bila kuipungia, akiamini mwanawe ndiye anayeiendesha.

"Mama," akasema Novati, "mimi si rubani. Mimi ni mhandisi. Ndege siendeshi."

Mkono ukashuka. "Sasa miaka yote hii nilikuwa nampungia nani?"

Mpaka leo swali lile linaniuma.

Jioni tukiwa jikoni tunamenya ndizi, Mama akamgeukia. "Kazi gani hiyo usiyoweza kumwambia aliyekuzaa?"

Novati akajikuna kichwa. Kisha akaokota kipande cha waya, akakikunja na kukikunjua mpaka kikakatika.

"Chuma nacho huchoka, Mama. Angani upepo unalitikisa bawa kila safari. Sisi tunapiga hesabu kabla bawa halijatengenezwa: liwe na umbo gani ili hewa ilibebe, liwe jepesi lakini lisivunjike. Kisha tunalibebesha mzigo makusudi mpaka livunjike hapa chini, mbele ya macho yetu, lisije likavunjika juu na watu wamo. Wenzangu wengine wanashughulika na injini. Wengine wanakagua ndege ikitua, wanatafuta ufa."

Mama alikaa na ndizi yake mkononi, hamenyi. "Kwa hiyo hao wanaopita juu wanafika salama kwa ajili yako."

"Yangu na ya wenzangu."

"Basi nitaendelea kupunga," akasema, akachukua kisu chake.

Novati aliondoka, na Kagoma hakurudi tena. Ilikuwa kazi, halafu mke wa huko, halafu ugonjwa, akazikwa huko huko. Mama alipunga mpaka mkono ukaishiwa nguvu, akawa anasema tu, "Kazi njema, mwanangu." Sasa ninayepunga ni mimi, hapa Ijuganyondo, kwenye kibanja changu cha migomba, na wajukuu wananicheka. Wacha wacheke. Ninamkosa kaka yangu. Kuna siku natamani ndege moja tu ishuke naye.

Ndiyo maana nakuusia, mwanangu. Kasome, hata hizo hesabu za mabawa kama unaziweza. Lakini ukija likizo, keti jikoni na mama yako, umweleze kazi yako kwa maneno ya hapa nyumbani, mpaka naye aweze kumsimulia jirani. Kukukosa tutakukosa tu. Usituache tukikukosa bila kujua uko wapi na unafanya nini.

Mungu akutangulie, akupe macho ya kuuona ufa mapema, na njia ya kurudi. Na siku utakayopita juu ya Ijuganyondo, chungulia chini. Nitakuwa nimeinua mkono.