Kinanda cha Mdomo na Masikio ya Baba

Harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya amplifaya kuukuu haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Ni kavu, inawasha pua kidogo, na ikinijia hata leo nikipita dukani kwa fundi redio, mara moja najiona nina miaka kumi na mbili, ni masika, na niko nyumbani kwetu Mkoani, kwenye mwinuko ulio juu ya bandari. Skuli zilikuwa zimefungwa. Mvua ilinyesha asubuhi na jioni, nguo hazikukauka, na mimi nilishinda chumba cha uani na sanduku la chuma lisilozidi ukubwa wa mkebe wa biskuti, nikilibembeleza litoe sauti ninayoitaka. Mama alisema nimepagawa. Hakuwa mbali na ukweli.

Baba yangu alikuwa mchukuzi bandarini. Lakini ujanani alifanya kazi melini miaka kadhaa, na huko baharia mwenzake alimfundisha kupiga kinanda cha mdomo, kile kidogo kinachoenea kiganjani, na kukipiga kwa mtindo wa bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani. Wengi wakikishika kinanda kile hupuliza tu. Baba alikuwa akivuta zaidi kuliko kupuliza, akiipinda sauti kwa ulimi na koo mpaka ikalalama. Alinifundisha mimi kwa sababu kaka zangu hawakuwa na subira, na jioni baada ya magharibi tulikaa barazani tukipokezana, yeye kipande, mimi kipande. Nilikuwa mtoto mbishi, asiyesikia la mtu, lakini kwa kinanda kile nilimtii.

Mwaka ule nilianza kuona mambo. Nikimwita, hageuki. Nikipiga, anaitikia kwa kichwa, lakini kichwa kinakwenda upande na muziki unakwenda upande. Siku moja, nikiwa pale bandarini, lori lilirudi nyuma, watu wakapiga kelele, na baba akasimama hapo hapo na gunia lake begani mpaka mtu akamvuta shati. Usiku alimwambia mama aliteleza. Mimi nilijua, naye alijua kuwa najua, kwa sababu aliniangalia kwa jicho la kuniomba ninyamaze. Nikanyamaza. Lakini moyoni nilishikwa na hofu ya kitu kimoja tu, kwamba masikio yale yataziba kabisa kabla sijampigia wimbo wake mzima, ule aliokuwa akinifundisha, naye akausikia.

Ndipo nilipokwenda kwa Maalim Kombo, aliyetusomesha Kurani chuoni, kumwomba amplifaya ya zamani ya chuo, kwa kuwa walikwishapata mpya. Alinipa pamoja na spika mbili, kubwa yenye mdomo mpana wa bati na ndogo ya kisanduku cha mbao, na maikrofoni iliyofungwa utepe. Hakuniuliza ya nini. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani mtoto wa Pemba tu angelifanya. Kwetu sisi amplifaya ni chombo cha kupeleka sauti mbali. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akiitumia vinginevyo. Basi nikafanya kama nilivyomwona Maalim akifanya siku za kasida. Spika kubwa nikaitundika nje, imeelekea barabarani, mwangwi nikaufungua wote, sauti nikaipandisha mpaka mwisho, nikagonga maikrofoni mara tatu na kuipuliza fuu, fuu. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, si wakati wa sala. Kisha nikavuta noti ya kwanza, ndefu, iliyopinda, yenye kulalama.

Kila mtu wa mji wetu anajua spika ikilia saa kama ile maana yake ni nini. Ni tangazo la kifo. Na noti yangu, kwa mwangwi ule, haikuwa mbali na kilio. Kabla sijavuta ya pili, amplifaya ikapiga mbinja kali iliyonifanya nitupe maikrofoni, na nilipochungulia dirishani niliwaona wanawake wanapanda mwinuko, kanga kichwani, mbele yao Bi Mize, jirani yetu, akihema.

Baba alikuwa barazani na kikombe chake cha chai. Hakusikia noti wala mbinja.

"Shamte! Nani kafa?" Bi Mize alimwuliza.

Baba akamwangalia, akatabasamu kwa adabu. "Wazima, alhamdulillahi. Karibuni chai."

"N'nakuuliza, nani kafa humu ndani?"

"Alhamdulillahi," baba akasema tena.

Mmoja akacheka. Halafu akaacha kucheka, na wote wakamtazama baba, na baba akiwatazama wao mmoja mmoja, tabasamu likimtoka polepole usoni. Jioni ile bandari nzima ilikwishajua. Kesho yake msimamizi wa wachukuzi alikuja mwenyewe kumwambia akae nyumbani, malori hayana huruma na mtu asiyesikia. Alisema kwa upole, tena kwa ishara, na upole ule ndio uliomuumiza zaidi. Baba hakunipiga. Angenipiga ningepata nafuu. Alitoa kinanda mfukoni, akanitia mkononi, akasema, "Chukua, mwanangu. Mie sina kazi nacho tena." Nililia mpaka kwikwi, kwa aibu na kwa kumwonea huruma, na pia kwa kujichukia.

Mama alitaka amplifaya irudishwe siku ile ile. Nilimwomba wiki moja, naye akanipa, sijui kwa nini. Wiki ile nilimchunguza baba badala ya kukichunguza chombo. Hakumsikia mama, wala birika likichemka, wala mimi. Lakini meli ikipiga honi bandarini aligeuza kichwa, na ami yangu mwenye sauti nzito akizungumza, alimjibu. Masikio yake hayakuhitaji sauti kubwa. Yalihitaji sauti nene. Na mimi muda wote nilikuwa nikimpigia sauti nyembamba na kuipandisha juu.

Nikaiweka spika kubwa kando, nikaunga ile ndogo ya mbao, ndani, juu ya mkeka. Mwangwi nikaufunga kabisa. Kitufe cha sauti kali nikakishusha mpaka chini. Maikrofoni nikaishika pamoja na kinanda, viganja vimezunguka vyote viwili bila kuacha upenyo, kama mtu aliyeshika kifaranga. Nilipoachia upenyo, sauti ilikuwa ya bati. Nilipoziba, ilijaa. Nilipopandisha sana, mbinja. Nilipoishusha na kukaa mbali kidogo na spika, chombo kilitulia. Kisha nikagundua kuwa kazi kubwa si ya chombo, ni ya koo, lazima liwe wazi kama unapiga mwayo, na pumzi itoke tumboni polepole. Siku ya tano amplifaya ile ndogo, ikifanya kazi hadi ukomo wa nguvu zake, ilianza kukwaruza kidogo, sauti nene yenye vumbi ndani yake. Nikajua ndiyo hiyo.

Nilimshika baba mkono nikamkalisha mkekani. Alikuja kwa kuniridhisha tu, uso umefunga. Nje mvua ilikuwa imekatika. Nikaanza wimbo wake kwa sauti za chini, taratibu. Aliangalia ukuta. Nikaendelea, na nilipofika kipande cha tatu alinyoosha mkono akanigusa goti, amekunja uso.

"Hapo sipo," alisema. "Yavutwa hiyo, mwanangu, haipulizwi. Rudia."

Sijapata kufurahia kukosolewa kama siku ile. Nilirudia nikiwa nalia, na kinanda cha mdomo hakipigiki vizuri mtu akilia, naye akanikosoa tena, mara nne, mpaka adhuhuri.

Leo ninaishi Gombani, ninasomesha, na siku za mapumziko hualikwa kupiga kwenye hafla. Ninayo amplifaya nzuri, bado ndogo. Vijana huniandikia kwenye simu wakiuliza wanunue ipi, nami huwaambia wazibe viganja kwanza. Ninasifiwa sana. Kila mwezi huteremka Mkoani kumpigia baba, ingawa sasa hasikii hata honi ya meli. Hukaa mkekani akiitazama midomo yangu. Safari iliyopita, nilipofika kipande cha tatu, nilipuliza pale panapovutwa, kwa makusudi, nikamtazama usoni, nikangoja.

Akatabasamu. "Barabara, mwanangu," akasema.