Zinki Isiyokaa Gashoho

Miaka ile ya baada ya uhuru, kazi yangu Gitega ilikuwa kupima udongo. Dada zangu wawili walikuwa wakulima: mkubwa Gishubi, wa pili Gashoho, kule Muyinga. Baba yetu, fundi cherehani wa mjini, alipokaribia kufa alimpa mkubwa ng'ombe wake wa pekee. Wa pili hakupewa kitu, na tangu mazishi hakuwahi tena kumwita mkubwa dada. Mimi, kitinda mimba, nilitembelea kote na kunyamaza kote.

Msimu mmoja mahindi yao yalitoa majani yenye mistari myeupe. Ule ni upungufu wa zinki, madini ya kulisha mimea. Niliwapelekea zinki ya unga kutoka gunia moja, kipimo sawasawa. Gishubi mahindi yakarudi kijani. Gashoho mvua ikanyesha, mistari ikabaki.

“Mukubwa ulimupatia dawa,” dada wa Gashoho akaniambia, “mi ukaniletea majivu.”

Niliudhika sana. Safari iliyofuata ya Gashoho nilibeba udongo wa Gishubi, nikatoboa makopo matatu kwenye kitako. La kwanza nililijaza udongo huo, mwekundu, wa mfinyanzi, uliolishwa samadi miaka yote. La pili, mchanga wa shamba la dada wa Gashoho. La tatu, mchanga uleule uliochanganywa na samadi kuukuu niliyoomba kwa jirani. Zinki haina rangi ya kuonekana, kwa hiyo nilimimina maji yenye dawa ya buluu wanayopakwa watoto wenye vidonda vya mdomo. Udongo huishika dawa hiyo karibu kama unavyoishika zinki. Zinki yenyewe nilikwisha kuipima kazini, ikafanya vivyo hivyo.

Kopo la kwanza lilidondosha maji meupe. La pili likadondosha buluu tupu. La tatu, meupe tena.

“Kumbe ile yangu inapita tu,” akasema.

“Samadi ndiyo inayoishika, dada.”

Akalinyooshea kidole kopo la tatu. “Na ifumbire, iyo samadi, inatoka wapi? Kwa ng'ombe. Hata udongo inajua nani alipewa.”

Nilikwenda kujitoa lawamani, nikarudi na kesi ya marehemu.

Gishubi nilimweleza mkubwa yote. “Mi njo nilimuuguza baba,” akajibu, akaendelea kuchambua maharage. Lakini ng'ombe wake alipozaa ndama jike, na ndama akaacha kunyonya, alimfunga kamba mwenyewe akanikabidhi. Hakunipa ujumbe wowote.

Tuliposhuka kwenye lori Gashoho na kufika uani, ndama akanya palepale. Dada hakunisalimia. Alichukua jembe, akazoa kinyesi chote, akakipeleka kwenye mahindi. Aliporudi alijifuta mikono kwenye kitenge, akamshika ndama shingoni.

“Dada yetu,” akauliza, “iko muzima?”