Shingo ya Twiga wa Mpira

Kiwandani walimwita Pumzi, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kumkejeli. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akibuni wanyama wa mpira wa kujazwa upepo, wale ambao watoto huelea nao majini au huwakalia sebuleni mpaka watoboke, na kila mnyama mpya alimjaza kwa mdomo wake mwenyewe. Pampu zilikuwepo, tena mbili. Lakini Pumzi alisema pampu haina midomo, haiwezi kujua upepo umesitia wapi. Yeye alijua. Akipuliza bata akahisi upepo umekwama shingoni, alimtoa mdomoni, akajifuta kwa kiganja na kusema, "Huyu bado hajazaliwa." Kisha alirudi mezani kwake kushika mkasi.

Mkuu wa ubunifu, yaani bosi wake, aliitwa Tai. Hakuwahi kuonekana bila tai shingoni, hata siku za joto la kuyeyusha gundi, ndipo wafanyakazi wakampa jina hilo. Yeye alipolisikia alijipiga kifua, akidhani wamemfananisha na yule ndege mkali wa angani. Akanunua picha kubwa ya ndege huyo na kuitundika ukutani nyuma ya kiti chake. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia kwamba walimaanisha kitambaa.

Ujuzi wa Pumzi ulitoka kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa mito ya mviringo na wanasesere, na alimfundisha binti yake mapema kwamba kitu cha mviringo hakikatwi kwa mviringo. Hukatwa vipande virefu, vipana katikati na vyenye ncha huku na huku. Mama aliviita samaki. Ukiwaunganisha samaki sita ubavu kwa ubavu, unapata mpira. Pia alikuwa na ujanja wake wa kidevuni: alikunja mkunjo mdogo, wa upana wa ukucha, ili kichwa cha mwanasesere kisiiname. Mkunjo huo hakumfundisha mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo ukipita mezani kwa Pumzi usingeona mnyama. Ungeona samaki tu, wa karatasi, wamelala kila mmoja kivyake, na kando yao namba za kuonyesha nani ataungana na nani. Asiyejua kazi hii huchora tembo kama tembo, akimjaza upepo anapata gunia lenye masikio.

Ugomvi ulianza na kiboko. Wanyama wa kuelea walikuwa na tabia ya kupinduka na watoto, na Pumzi alihangaika nalo jambo hilo miezi minane. Mwishowe akampa kiboko tumbo la pili chini ya lile la kwanza, dogo, la kujazwa maji badala ya upepo. Basi kiboko akakaa kwenye maji kama mzee kwenye kochi. Umsukume, umrukie, umning'inie sikioni, hapinduki. Pumzi alimbeba wa kwanza mpaka nyumbani, akamweka mikononi mwa mama yake. Wakati huo mama alikuwa haoni tena na miguu imemwishia nguvu. Alimpapasa kiboko kuanzia mkiani hadi puani, polepole, akacheka.

"Kesho kutwa atatoka gazetini, mama," Pumzi alimwambia. "Na jina langu humo humo."

Mama akaita majirani. Gazeti lilisomwa na jirani wa mlango wa pili, mwanamke waliyemwita Redio kwa kuwa habari haikulala kwake. Redio alisoma kwa madaha, mkono kiunoni, mpaka akafika pale penye mbunifu. Hapo akataja jina la Tai, majina yote matatu pamoja na cheo. Gazeti likaendelea kueleza jinsi Tai alivyopata wazo la matumbo mawili akiwa anaoga. Pumzi alipewa nusu sentensi: "akisaidiwa na wanawake wa kujaza upepo."

Mama akautafuta mkono wa binti yake, akaushika.

"Haidhuru, mwanangu," alisema. "Hata kujaza upepo ni kazi."

Maneno hayo yalimchoma Pumzi kuliko gazeti lenyewe. Miezi mitatu baadaye mama alifariki, na Pumzi akabaki na jambo moja rohoni ambalo halikumezeka wala kutemeka: mama ameondoka akijua mwanawe ni mwongo.

Alikwenda kwa Tai, ndiyo. Alimfuata ofisini na kumuuliza waziwazi. Tai alitabasamu chini ya picha ya ndege wake.

"Mama yangu, hapa hakuna changu wala chako," alisema. "Sisi wote familia moja."

"Basi jina la familia lingeandikwa."

"Usiwe hivyo, mama. Hasira zitakuzeesha."

Sitasema Pumzi alisamehe. Hakusamehe, na wala hakujisumbua kujaribu. Kila asubuhi alimwamkia bosi vizuri, akamuuliza hali ya watoto, akamsifia tai mpya. Moyoni alikuwa amemwekea kinyongo kinono, anakilisha kila siku, na alikuwa hana haraka nacho.

Mwaka wa pili kikaja kile alichokuwa akikingojea. Kiwanda kilitaka twiga mrefu kuliko mtu, wa kuzinduliwa mbele ya wanunuzi na waandishi wa habari. Mwenye kiwanda mwenyewe, bibi mmoja mkavu aliyetembea kwa fimbo na kuongea kwa uchache, angekuwepo. Tai akamjia Pumzi akisugua viganja.

"Nataka shingo, mama. Shingo ya kuwafanya watu waseme 'lo!'"

"Utaipata, bosi," Pumzi alijibu. "Hiyo 'lo' utaisikia kwa masikio yako."

Alichora wiki tano. Shingo aliipa chumba chake cha upepo, mbali na tumbo, na samaki wanne warefu. Madoa ya twiga ndiyo yaliyokula muda. Pembezoni mwa samaki wa pili na wa tatu aliweka nusu za madoa: huku kipinde, kule kijiti, hapa pembe iliyokatika. Kwenye karatasi samaki hao walilala mbali mbali, mmoja juu na mwingine chini kulia, na madoa yao hayakuwa na maana yoyote. Yalikuwa madoa ya twiga. Lakini waunganishe ubavu kwa ubavu, uwajaze upepo, mshono unyooke mbele ya shingo, na kila nusu inamkuta mwenzake.

Alijua anachezea nini. Akigunduliwa kabla ya siku, kazi imekwisha na kiwanda kizima kitamjua kama mhujumu. Hata hivyo alimpa Tai nafasi, na nafasi hiyo aliitoa kwa nia mbaya kabisa. Alimpelekea karatasi asaini, akasimama mlangoni.

"Bosi, si ungemwona kwanza amejaa? Nimeshampuliza shingo, yuko chumba cha gundi."

Tai alikuwa ameshashika kalamu. "Mama, mimi uzoefu wangu unatosha. Namwona hapa hapa kwenye karatasi."

"Unamwona vizuri?"

"Kabisa. Madoa mazuri sana." Akasaini.

Pumzi alirudi chumba cha gundi akitetemeka kwa furaha. Hakuna mbunifu wa wanyama wa upepo, hata mwanafunzi wa wiki moja, anayesaini karatasi kabla hajamwona mnyama amesimama. Karatasi ni samaki tu. Mtu huyu alikuwa ameweka sahihi yake chini ya ujinga wake mwenyewe.

Mkuu wa chumba cha gundi, shoga yake wa miaka mingi, alikuwa ameketi kando ya ile shingo iliyojaa. Aliitazama juu mpaka chini, akamtazama Pumzi, kisha akafungua valvu upepo ukatoka wote.

"Mimi sijui kusoma kitu kilicholala," alisema, akaikunja.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Twiga alitandazwa jukwaani kama shuka lililoanuliwa kambani, na mafundi wakaunganisha pampu. Tai alisimama mbele yake, mgongo kwa twiga na uso kwa watu, kipaza sauti mkononi. Bibi mwenye kiwanda alikaa mstari wa kwanza. Pumzi alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wanawake wa gundi.

"Watu huniuliza nabuni vipi," Tai alianza. Nyuma yake miguu minne ilisimama, tumbo likafuata. "Nawaambia, mnyama humzai kwa mikono, unamzaa kwa akili. Twiga huyu nimekaa naye kichwani mwaka mzima."

Shingo ikaanza kujaa kutoka chini. Madoa yakajinyoosha moja baada ya jingine, makunyanzi yakaisha, na pale mbele, kando ya mshono, herufi nne zilisimama moja juu ya nyingine, wazi na kubwa: WAKE.

"Ah, wameandika ni wake!" mtu mmoja alisema, na watu wakapiga makofi. Tai aliinamisha kichwa kushukuru.

"Ndiyo, ni wangu," alisema. "Huyu ni wangu, damu yangu!"

Upepo haukuwa umefika juu. Shingo iliendelea kupanda, kichwa kikainuka, na sehemu ya mwisho ikajitokeza juu ya zile herufi nne. SI.

SI WAKE.

"Lo!" ukumbi mzima ulisema.

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kubomoa paa. Tai alidhani wanachekea maneno yake, akacheka nao, akaongeza, "Hata pua tumefanana!" Hapo ndipo mwandishi mmoja alipoangukia kiti cha mbele akishika mbavu, na Tai akageuka. Alisoma. Alisoma tena, midomo ikitembea, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyuma ukumbini Pumzi alihisi raha inampanda kutoka nyayoni, nzito na tamu, na hakuona aibu nayo hata chembe.

"Ni hujuma!" Tai alipiga kelele. "Wapiga chapa wamekosea madoa!"

Bibi mwenye kiwanda aligonga sakafu kwa fimbo, watu wakanyamaza.

"Sahihi kwenye karatasi ni ya nani?"

"Yangu, Bibi, lakini..."

"Hapo penye kosa umepaona sasa. Haya, turekebishie. Mpeni karatasi na kalamu. Chora shingo upya, hapa hapa, bila maneno."

Tai alipewa karatasi juu ya ubao na kalamu nene. Alilegeza tai yake, labda kwa mara ya kwanza mbele za watu. Kisha akachora. Alichora shingo ndefu, kichwa, masikio mawili na jicho, twiga kamili amesimama, wa aina ile waichorayo watoto ukutani. Wanawake wa gundi hawakucheka. Walikuwa wanamwonea huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nani anajua?" Bibi aliuliza.

Pumzi alitembea kutoka mlangoni hadi jukwaani bila haraka. Miaka miwili alikuwa ameingojea njia hiyo, hakuona sababu ya kuikimbia. Alichukua kalamu kwenye vidole vya Tai, akachora samaki wanne chini ya yule twiga wa kitoto, akaweka namba pembeni, na kwenye ncha ya juu alama ndogo ya mkunjo wa kidevu.

"Na kiboko?" Bibi aliuliza.

"Na kiboko, Bibi."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Nilikuja gazetini," Pumzi alijibu. "Gazeti halikuniona."

Kesho yake gazeti lilimwona. Ilikuwepo picha ya twiga, shingo na maneno yake yote, Tai akiwa ameshika kichwa pembeni, na chini jina kamili la Pumzi, limetajwa mara tatu. Pumzi hakulisoma. Alilipeleka kwa Redio, akamshika mkono, akamwingiza katika chumba cha mama na kumkalisha kwenye kiti kile kile cha siku ile. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kiboko wa kwanza alikaa juu yake, amesinyaa nusu.

"Wewe ndiye uliyesoma lile la kwanza mtaa mzima ukasikia," Pumzi alisema. "Soma na hili."

Redio alisoma, safari hii bila madaha. Alipofika kwenye jina akaliweka gazeti mapajani.

"Mdogo wangu, mama yako alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba kiboko ni wako. Siku ile ile ulipotoka kwenda kulia uani, aliniita karibu. Akanishika kidole akakipitisha chini ya kidevu cha kiboko. Akasema, 'Umesikia huu mkunjo? Huu ni wangu. Nilimfundisha mwanangu peke yake. Huyo wa gazetini ni mwizi.'"

Pumzi alikaa kitandani. "Mbona aliniambia kujaza upepo ni kazi?"

"Alikuwa anakupoza. Akanikataza nisikuambie kitu. Akasema, 'Huyu namjua, nimemzaa. Akisikia kwamba najua, kesho atakwenda kumkaba yule mtu kwa tai yake mwenyewe, tukampelekee chakula gerezani.'"

Kicheko kilimtoka Pumzi kabla hajakijua, kikavunjika katikati kikawa kilio. Miaka miwili alikuwa amembebea kisasi mama aliyekufa bila kumwamini, na kumbe mama huyo hakuwahi kuwepo. Hakujutia twiga. Angepewa karatasi tena angeyachora madoa yale yale, tena makubwa zaidi. Ila alitamani usiku mmoja tu kati ya siku zile za mwisho za mama, akae hapo kitandani akijua kwamba anaaminiwa.

Alimvuta kiboko, akafungua valvu na kupuliza mpaka kidevu kikasimama. Akamweka mahali pake kwenye mto.

"Soma tena kutoka juu," alimwambia Redio. "Geukia huku kitandani. Na ukifika kwenye jina, paza sauti."