Vipepeo wa Dada Hawajapakwa Rangi

Tena msiniambie habari ya wino! Wino gani unakaa kwenye bawa la kipepeo usilitoboe? Jaribuni nyie muone.

Huyo mnayemsema ni dada yangu. Mchana anashona sare za shule, jioni yuko juu ya paa, ndani ya chandarua, analisha viwavi majani. Kila Jumamosi wafugaji wa vipepeo wanapanga meza zao ukumbini, watu waje watazame. Naye dada ana meza yake pale, ndiyo raha yake yote.

Sasa, joto lilipozidi, mume wake, shemeji yangu muuza soda, akaona vile vifuko ambamo viwavi wamejifunga wageuke vipepeo. Akavionea huruma. Akavitia kwenye friji la soda!

"Umeniulia watoto!" dada akapiga kelele.

"Mke wangu, nilidhani wanaungua."

Hawakufa. Ila vipepeo walipotoka, yale madoa yao ya kila siku, ya duara kama vifungo, yamevutika, yamekuwa michirizi mirefu mpaka ukingoni mwa bawa. Wazuri mpaka unakosa la kusema.

Ukumbini, mwenyekiti wa wafugaji akawatupia jicho mara moja tu. "Mama, hapa hatuleti vya kuchora. Toa meza yako." Watu wakacheka. Nikakunja ngumi. Dada akanidaka shati: "Tulia, mdogo wangu. Ukimpiga huyu, utamsaidia."

Akafuga wengine. Vifuko akavitia frijini mwenyewe, safari hii kwa kusudi, shemeji akafukuza wateja wasifunguefungue mlango. Vilipokaribia kupasuka, dada akakibeba kimoja mpaka ukumbini, akakining'iniza kwa uzi mbele ya mwenyekiti.

"Kaa. Usibanduke."

Tukasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Mwenyekiti anapiga miayo. Mara, pwaa! Mdudu huyo, amelowa chapachapa, mabawa yamekunjana kama karatasi ya kutupa. Yakakunjuka polepole. Michirizi ile ile!

"Haya, mwenyekiti," dada akasema. "Niliingilia wapi kumpaka?"

Ukumbi ukalipuka. Shemeji machozi yanamtoka, anamshika kila anayepita: "Friji langu hilo! Langu!" Mwenyekiti akainama akabeba kwa mikono yake ile meza ya dada iliyosukumwa kando, akaiweka mbele kabisa, pale kila anayeingia lazima aione.

Na bado mnanong'ona mtaani eti rangi. Jumamosi fikeni ukumbini mkamwombe radhi. Kwa sauti.