Mulji Fundi, Mlango wa Theluji na Wari Moja ya Hariri Yangu

Jumatano ile wanawake kumi na saba walimvamia Mulji fundi dukani kwake, kila mmoja anataka nguo yake kabla hajafa.

Mulji mwenyewe mzima. Amekaa nyuma ya cherahani, anakunywa chai ya maziwa.

"Nani anakufa?" akauliza.

"Wewe!" wakamjibu wote kwa pamoja.

Aliyesababisha kituko kile ni mimi. Na kabla siku haijaisha nikafanya kikubwa zaidi. Nisikilizeni.

Naitwa Khole. Nimezaliwa Unguja, Malindi, skuli niliishia darasa la nne, na sasa ni bibi wa wajukuu kumi na wawili hapa Ibra, Oman.

Mulji ni Baniani, mzaliwa wa Unguja vile vile. Baba yake alikuwa na duka la kushona Mkunazini. Walipohamia India alikuwa kijana mdogo, akaja Ibra ukubwani na cherahani moja.

Siku ya kwanza nilipoingia dukani kwake nilikuwa nahangaika, Kiarabu kidogo, Kihindi cha mikono. Akanambia, "Bibi, sema Kiswahili tu, utachoka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tangu siku hiyo ndiye fundi wangu. Na ndiye adui yangu pia.

Adui kwa nini? Wari moja ya hariri.

Miaka ishirini na sita iliyopita, binti yangu Badria anaolewa, nilinunua hariri ya kijani, maana biharusi wa huku huvaa kijani. Wari tisa. Nikazipima mwenyewe, ncha ya kidole mpaka puani.

Nguo ikarudi. Nikaitandaza nikapiga hesabu: gauni, surwali, shela. Wari nane.

Moja haipo.

Itakuwa wapi? Kwa fundi! Wapi tena?

Nikamwendea Jumatano, siku ya soko la wanawake, watu wamejaa. Nikamsimamia mlangoni. "Mulji, mkasi wako mrefu huo, umefika mpaka kabatini kwangu!"

Watu wakaangua kicheko. Jina likamganda: Mulji Mkasi Mrefu. Mpaka watoto wakamwita hivyo.

Yeye hakunijibu neno. Aliinama akaendelea kushona. Nami nikasema, ahaa, mwizi akishikwa hunyamaza.

Tukaendelea hivyo. Yeye ananishonea, mimi napima. Kila Idd.

Sasa, mwaka jana, nimepeleka kanzu ya mjukuu kupunguzwa, akanambia, "Bi Khole, mwaka huu nakwenda Kedarnath."

"Ndiyo nini?"

Akanieleza. Ni hekalu lao la mawe, juu kabisa kwenye milima ya Himalaya. Hufunguliwa miezi sita tu kwa mwaka. Baridi ikija, theluji inaziba njia, wanafunga mlango na kuteremka mpaka msimu mwingine. Na gari haifiki. Siku nzima kwa miguu, kupanda tu.

"Mbona hukwenda siku zote hizi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kwa ajili yenu. Miaka mingapi Ramadhani na Idd zenu zimeangukia humo humo? Mlango uko wazi, mie nimezikwa chini ya magauni. Sasa Idd zimesogea nyuma, Septemba yote haina Idd. Lakini magoti yangu nayo hayangoji. Daktari kasema mwaka huu, au nisahau."

Alipotamka hilo la kusahau, mkono wake ulisimama juu ya kitambaa. Mulji mkono wake hausimami.

Nikamwambia, "Mie nimekwenda Hijja. Matayarisho ya safari ya ibada nayajua. Niachie mimi."

Weee! Tukaanza.

Badria akamwandikisha kwenye mtandao, maana huko hupandi bila kuandikishwa. Akampiga picha, katoka kama mtu aliyekamatwa na polisi. Akampeleka kupimwa moyo. Akampandisha mlima wa Jabal Akhdar, kupitia Nizwa, ajaribu baridi. Mulji akarudi anatetemeka, anasema, "Hii ndiyo baridi ya mtoto, Bi Khole. Ya mtu mzima iko kule."

Badria ni mwalimu, watoto watano, hana wakati wa kujikuna. Lakini kwa Mulji wakati anao. Nikasema moyoni, mwanangu ana huruma.

Hilo liwekeni pembeni, tutalirudia.

Mie nikaenda soko la Sinaw kumtafutia soksi za sufi. Jua linachoma mpaka viatu vinanata. Muuzaji akanitazama chini mpaka juu. "Mama, homa?"

Na kila siku baada ya Alasiri, Mulji anapanda kile kilima chenye mnara wa zamani, na mabuti mapya. Kila jiwe anapumzika. Watoto chini wanapiga kelele, "Mkasi! Mkasi! Twende!"

Wiki ya kwanza hakufika nusu. Wiki ya sita akafika juu, akatupungia kilemba.

Ikabaki wiki moja. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

"Mulji, jambo moja bado. Kwetu mtu akienda Hijja huzunguka kwanza kutaka radhi. Jirani, ndugu, mteja, kila mtu. Haanzi safari ya ibada na kinyongo cha mtu mgongoni. Nawe fanya hivyo."

"Wateja wote?"

"Wote."

Akalichukua kama amri. Kavaa nyeupe tupu, nyumba hadi nyumba, mikono kaikutanisha kifuani. "Nakwenda safari. Kama nilikukosea, niwie radhi."

Sasa fikirieni. Mzee wa miaka sabini, mavazi meupe, anaaga mlango kwa mlango. Hakuna aliyewahi kumwona Baniani akifanya hivyo.

Jirani yangu Rumaitha hakungoja maelezo. Akashika simu. "Mulji anakata roho! Kimbilieni vitambaa vyenu!"

Ndiyo ile Jumatano ya wanawake kumi na saba.

Nikaitwa, nikafika mbio, nikawaeleza. Nyuso zikawashuka. Halafu mmoja akacheka, wakacheka wote, Rumaitha akajifunika shela yake.

Mulji akainuka. "Maadam mmekuja wote, mmenipunguzia njia." Akatoa nyuma ya kabati furushi kubwa, akalifungua mezani.

Mfarishi. Mfarishi mnene wa viraka, mamia ya viraka, kila rangi.

"Haya ni mabaki ya nguo zenu," akasema. "Miaka yote. Kipande cha kiganja, kipande cha kidole. Sikurudisha. Nimeushona huu uwe blanketi langu kule juu. Lakini ni mali yenu. Mkinihalalishia nitauchukua, hamtaki nitaufumua."

Wakasogea mezani.

Kisha Rumaitha akatia kidole. "Hii! Hii nguo yangu ya arubaini, nilipomzaa mwanangu Tamim!"

"Na hii ya Idd, ile mvua ilinyesha!"

"Yalaa, hii ya marehemu mama."

Wakawa wamejazana juu ya mfarishi, wanashika, wanalia, wanacheka. Wote wakamhalalishia. Mmoja akataka aongezewe kiraka, chake kidogo mno.

Na mimi? Mie nilikuwa natafuta kijani.

Nikaugeuza huku, nikaugeuza huku. Hakuna. Hata uzi.

Mulji akanijia wa mwisho. "Bi Khole. Niwie radhi."

"Sema kwanza: nilichukua wari moja."

Akatikisa kichwa.

"Sema tu, Mulji, nami nakusamehe papo hapo."

"Siwezi. Sikuchukua."

"Basi kachukua nani?"

"Hilo nalo siwezi kusema."

"Alaa! Wari ina miguu?"

Wanawake wakanambia, "Bi Khole, muachie!" Nikawajibu, "Wari moja ya hariri! Ya biharusi!"

Mulji akaanza kuukunja mfarishi, taratibu, pembe kwa pembe. "Nakwenda kusimama kwenye mlango ninaouota tangu mtoto. Nianze safari kwa uongo ili unisamehe? Siwezi. Na wewe ndiye uliyenifundisha, mtu haendi na kinyongo mgongoni."

Akaurudisha kabatini.

"Basi siendi."

Ndege yake ilikuwa Jumamosi.

Nilirudi nyumbani nimeshinda. Nikajimiminia kahawa, haina ladha. Nikala tende, kama nakula karatasi.

Alhamisi nikapita mbele ya duka, kwa kusudi. Yuko wazi, anashona. Mabuti mapya kayaning'iniza kwenye msumari, kama bidhaa.

Nikajiambia, usirudi nyuma Khole, haki ni haki. Lakini nikarudi nikapita tena.

Jioni ile Badria akaingia hata hodi hakupiga. "Mama! Umefanya nini?"

"Nimedai haki yangu."

Akakaa chini sakafuni, mwanamke mzima, akashika goti langu kama alivyokuwa mdogo.

"Haki yako iko kwangu."

"Nini?"

"Kitambaa nilikikata mimi."

Nikamtoa mkono gotini.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Mama. Nikaona blauzi kwenye gazeti, nikataka kujishonea, niivae siku ya pili ya arusi. Nikachukua mkasi wako wa jikoni kabla hujampelekea Mulji. Nikaharibu. Tundu za mikono zikatoka tatu."

"Tatu?!"

"Upande mmoja nilikata mara mbili."

"Ya Rabbi."

"Nikampelekea Mulji nalia. Nikamwapisha asikwambie kamwe, ungeniua wiki ya arusi."

"Ningekuua kweli."

"Akanambia, nenda kaolewe mwanangu, haya niachie. Nilidhani utagomba siku mbili yaishe. Hayakuisha. Kila Idd nasema nitakwambia, kila Idd naogopa. Mama, yule mzee kabeba jina la wizi kwa ajili yangu, na hata jana angeweza kulitua. Hakulitua."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikafanya yote mawili.

Kisha nikatulia. Kosa la mtoto wa miaka kumi na tisa ni moja. Lakini aliyesimama sokoni akamvua mtu nguo mbele ya watu si Badria. Ni mimi, mwenye akili zangu.

Kumtaka radhi kwa siri? Nilimtukana hadharani!

Nikampigia simu Rumaitha. "Shoga, ule ulimi wako leo nauhitaji. Waite wale wale. Kesho Ijumaa, baada ya Alasiri, dukani kwa Mulji."

"Anakufa tena?"

"Safari hii nakufa mimi."

Walikuja wote, na zaidi. Nikasimama pale pale mlangoni, mahali pale pale pa miaka ishirini na sita iliyopita. Badria kando yangu.

"Mulji. Nilikuita mwizi mbele ya watu. Wari yangu haikuchukuliwa na wewe, na ulikuwa ukijua nani kachukua. Mbele ya watu nakutaka radhi. Niwie radhi, fundi wangu."

Badria akasimulia yake yote, mpaka tundu ya tatu. Vicheko vikapasua dari.

Mulji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaifuta tena.

Halafu, mtu yule, akajinyoosha kitini. "Sema kwanza, Bi Khole."

"Niseme nini?"

"Sema: mkasi wa Mulji ni wa kawaida."

"Mkasi wa Mulji ni wa kawaida."

"Hawakusikia wa nyuma."

"MKASI WA MULJI NI WA KAWAIDA!"

Tulicheka mpaka machozi. Na yangu mie hayakuwa ya kucheka peke yake.

Akautoa mfarishi. Akafumua pembe moja, akaingiza mkono ndani, katikati ya pamba, akavuta kitu.

Kijani. Hariri yangu. Blauzi ndogo, imekunjika, ina tundu tatu za mikono.

"Niliificha ndani kwa ndani," akasema, "wewe una macho ya mwewe."

Badria akakimbilia nyuma ya kabati.

Nikaomba sindano. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikaishona ile blauzi juu ya mfarishi, katikati kabisa, na tundu zake zote tatu. Mshono wangu mbaya. Mulji akausimamia, akauma midomo.

Jumamosi Badria akampeleka uwanja wa ndege.

Siku nane kimya. Mie na simu, simu na mie.

Ya tisa ikaingia picha. Mawe ya kijivu, mlango wazi, mlima mweupe nyuma. Na mbele yake Mulji, kajifunga nguo za wanawake wote wa Ibra, kijani kifuani. Mkono mmoja kautoa kwenye tundu ya tatu, anatupungia.

Chini kaandika: "Bi Khole, nimefika. Farasi walinibeba nusu, nusu nimepanda mwenyewe. Baridi hii hata meno ya bandia yanauma. Mwambie Badria, kumbe tundu ya tatu ina kazi."

Wasomaji wangu, mie nilimfundisha mtu kuzunguka kutaka radhi, na mlango wangu nikauruka. Ukitaka kuwapima wenzio, funga futi ya kupimia kiunoni mwako kwanza. Na ukimwona mtu kanyamaza, usifanye haraka kusema kashikwa. Huenda kanyamaza kwa ajili ya mwanao.

Mulji karudi, mzima, mwembamba, anajisifu bila kikomo. Kwa Idd nimempelekea kitambaa, na safari hii sikukipima.

Haya, nimekipima. Lakini kwa macho tu.