Akaunti ya Jina la Utotoni

Kule India nilikokwenda kusoma, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, benki ilikuwa na akaunti za aina mbili kwa mtu kama mimi. Ya kawaida ilitaka salio ambalo hata ningejiuza lisingetimia, ila ningeruhusiwa kuongeza jina la pili. Ya wanafunzi ilikuwa ya bure, haina makato, mradi jina liwe lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Nikachukua ya bure. Nani mwenye akili zake angeiacha? Nilitoka pale natamba.

Jina sikulifikiria kabisa. Kwetu Nkowe, wilaya ya Ruangwa, kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na la utotoni ndiyo basi tena. Ukimwita nalo umemtukana, na watu wameshikana mashati kwa hilo. Lakini mimi niliandikishwa shule kabla ya jando, kwa hiyo vyeti vyangu vyote, mpaka pasipoti, vilibaki na jina lile. Walimu wageni walilitumia, tukawavumilia. Nyumbani hakuna aliyethubutu.

Baba akauza korosho, akaenda benki Nachingwea, akanitumia ada. Ikarudishwa, kwamba jina halilingani. Chuo nacho kikasema mwezi ukiisha sijalipa, sifanyi mtihani, na asiyefanya mtihani anafutiwa kibali cha kuishi nchini. Nililia bafuni bomba likiwa wazi, wenzangu wasinisikie. Niliona jasho la baba lote limekwenda bure.

Nikapiga simu kwa baba mdogo, aliyekuwa na duka Ruangwa mjini. Akatuma baba aitwe kutoka Nkowe; nilipopiga tena kesho yake, akampa simu.

"Baba, kule benki ulitaja jina gani?"

"Jina lako. Kwani una lingine?"

"Taja lile la shule, baba."

Pesa za simu zilikuwa zinakwisha.

"Lile si la kukuita," akasema. "Wewe ni mtu mzima. Nimekuingiza jandoni mimi mwenyewe."

"Basi baba mdogo akuandikie kwenye karatasi, umpe karani."

"Karani atalisoma kwa sauti, aniulize ndilo au silo. Msimu huu wa korosho nusu ya Nkowe iko kwenye foleni ile. Nitajibu nini?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia kwamba bila jina hilo wananirudisha nyumbani mikono mitupu. Simu ikakatika kabla hajajibu.

Nilikwenda benki kila asubuhi, mpaka dada wa dirishani akawa ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni. Nilianza kupanga nguo kwenye begi, nikazipangua, nikazipanga tena. Nilimchukia kila aliyewahi kuniita jina lolote.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, dada yule hakutikisa kichwa. Pesa zilikuwa zimeingia. Nililipa ada palepale, nikakimbilia kibanda cha simu, nikampata baba dukani kwa baba mdogo.

"Imefika, baba! Nimeshalipa. Asante sana."



"Nimekutukana mbele za watu, mwanangu," alisema. "Karani hakusikia mara ya kwanza, ikabidi nilirudie kwa nguvu. Unisamehe."